Ulinzi wa mtandao tumeukabidhi, funguo tumebaki nazo

Tangu habari zienee kwamba kiwanda chetu hapa Kizota, Dodoma, kinalipa kampuni ya nje kulinda mtandao, napigiwa simu na watu wa biashara ambao hata sikujua wana namba yangu. Mwenye lodge kule Ilazo, mama wa duka la dawa za jumla, jamaa wa vifaa vya ujenzi karibu na soko la Majengo. Swali lao ni moja: mnalipa shilingi ngapi? Bei siisemi, mkataba unatuzuia, na hata ningeisema isingewafaa, maana kazi ya lodge si kazi ya kiwanda. Ila kuna mambo ambayo anayeuliza bei inafaa ayasikie kabla ya bei yenyewe. Nayaandika hapa, labda simu zitapungua.

Mimi ni mhasibu. Kompyuta sijaisomea. Lakini kwenye kampuni ya watu wachache mhasibu ndiye anayeangukiwa na kila kitu kisicho na mwenyewe: bima, leseni, kibali cha gari, na mtandao. Tunakamua alizeti, tunauza mafuta kwa madumu na mashudu kwa wafugaji. Mbegu tunanunua Kibaigwa, mashine na ghala ziko Kizota, duka liko mjini, na vyote vitatu vimeunganishwa. Mizani ya Kibaigwa ikipima magunia, uzito unaingia kwenye programu ya hesabu huku Kizota na mkulima analipwa kwa simu palepale. Mtandao ukilala msimu wa mavuno, mkulima hasubiri. Kuna mlanguzi amesimama pembeni na noti mfukoni, anamchukua na mzigo wake.

Niwajibu kwanza wanaoniambia, "Si mumwajiri kijana mmoja tu, Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, si kinatoa wahitimu wa kompyuta kila mwaka?" Kinatoa, na wazuri wapo. Tatizo langu ni la hesabu. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki kwa mfanyakazi mmoja. Gawanya. Ukitaka jicho liwe wazi usiku na mchana unahitaji watu karibu wanne, na hapo hujahesabu likizo, msiba wala malaria. Sisi hatuna kazi ya kuwapa watu wanne wa namna hiyo, wala mshahara wao. Halafu kuna hili la Dodoma ya sasa: kijana akishaiva kidogo anachukuliwa, kama si na wizara kule Mtumba ni na benki, na kama si benki ni Dar. Simlaumu. Mimi ningekuwa yeye ningeshaondoka.

Kijana wa IT tunaye, wa kuja na kuondoka, na bado ni wetu. Anafunga printa, anabadilisha waya uliotafunwa na panya, anawaelekeza watu wa mauzo mambo yaleyale kila wiki bila kukasirika. Huyo hawezi tena kuwa yuleyule anayesoma kumbukumbu za seva, ile kompyuta kuu, saa tisa usiku akitafuta nani kajaribu kuingia. Ni kazi mbili, na watu wengi wanaonipigia simu wanazihesabu moja.

Mzee mwenye kampuni hakutaka kabisa. Hoja yake ilikuwa nzito na sikuwa na jibu la haraka. "Mlinzi wa getini namlipa, namwona. Nikija saa sita usiku bila taarifa namkuta na rungu na tochi, au namkuta kalala, namfukuza. Hawa nitawakuta wapi?"

Basi tukaita kampuni za kuzungumza nazo. Ya kwanza ilikuja na profoma kabla haijauliza swali hata moja: faiawoli (kifaa cha kuchuja kinachoingia na kutoka mtandaoni) ya bei mbaya, leseni za miaka mitatu, mafunzo, chakula cha mafunzo. Ni wauza maboksi. Ya pili ilikuja na karatasi zenye majina ya kompyuta zetu, kwamba wameshatuchungulia kutoka nje na wameona matundu. Walidhani tutashtuka tuwape kazi. Nilishtuka kweli, ila kwa sababu nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inasema wazi kwamba kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa, na mtu anayeanza uhusiano kwa kupita dirishani simpi mlango. Niliwashukuru, wakanywa soda zao, wakaondoka.

Ya tatu ilitaka barua. Yaani hawakugusa hata waya mpaka Mzee alipotia sahihi na mhuri barua inayotaja nini wakague, siku gani, na nini wasiguse. Mizani waliiweka kwenye orodha ya visivyoguswa wao wenyewe, kabla sijasema. Hapo nikaanza kuwasikiliza.

Walikuja wawili, binti na kijana. "Shikamoo Mzee." "Marahaba. Haya, nionyesheni huyo mwizi." Binti akachomeka laptop kwenye swichi ya mtandao iliyo nyuma ya kabati la mafaili, ile iliyojaa vumbi hadi taa zake tulikuwa hatuzioni, na orodha ikaanza kushuka kwenye kioo. Vifaa vilivyokuwa vimeshikana na mtandao wetu vilikuwa karibu mara mbili ya nilivyonavyo kwenye rejista ya mali. Simu za wapakiaji. Televisheni ya chumba cha mikutano. Tableti ya mjukuu wa Mzee. Ruta ndogo ambayo mtu wa mauzo aliileta kutoka nyumbani kwake ili apate mawimbi mazuri mezani, bila nywila yoyote, hivyo hata aliyesimama kwenye kibanda cha chipsi upande wa pili wa barabara angeweza kuingia.

Mzee alikuwa anachezea fimbo yake, haonyeshi kuguswa. Ndipo yule binti akazima Wi-Fi kwenye simu yake, akabaki na bando lake mwenyewe, akaandika namba fulani. Ukafunguka ukurasa unaoomba jina na nywila. Akaweka zile zinazochapwa kwenye kijitabu cha kiwandani, ambazo yeyote akinunua kifaa kama kile anazikuta ndani ya boksi. Ikatokea yadi yetu. Magunia ya mashudu, fuso likishusha, mlinzi na kikombe chake cha chai. Mashine ya kurekodia kamera, ile tuliyoinunua ili itulinde, ilikuwa inaonekana na dunia nzima.

Mzee hakuamini. Akatoka, akasimama chini ya kamera ya ghala, akainua fimbo juu. Kwenye simu, sekunde moja baadaye, fimbo ikainuka. Akarudi, akaketi.

"Mtu wa Arusha naye anaweza kuniona hivi?"

"Wa Arusha, wa Brazil, wa popote, Mzee."

"Mpaka nikiwa nahesabu hela?"

Binti hakujibu, alisogeza tu kidole hadi kamera ya dirisha la keshia.

Baadaye walinieleza kwamba anayetazama magunia yetu ni tatizo dogo. Kifaa chenye nywila ya kiwandani kinaweza kuandikishwa jeshini bila mwenyewe kujua. Mwaka 2016 kulikuwa na virusi vilivyoitwa Mirai, kazi yake ilikuwa kupita mtandaoni vikijaribu nywila za kiwandani kwenye kamera na ruta. Jeshi hilo la vifaa vya watu wasio na habari ndilo lililotumika mwezi Oktoba mwaka huo kuielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa watu wengi huko wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Ruta yetu nayo ilikuwa haijasasishwa tangu ilipofungwa. Ni MikroTik, zile ambazo ukiingia ofisi nyingi mjini hapa unazikuta juu ya kabati. Mwaka 2018 liligundulika tundu kwenye programu yake. Mtengenezaji alilitibu Aprili mwaka huohuo, lakini miezi ikapita, na wenye ruta ambazo hazikusasishwa wakageuziwa vifaa vyao kuwa vya kuchimba sarafu za kidijitali za watu wengine. Dawa ilikuwepo, bure, ila hakuna aliyekuwa na kazi ya kuinywesha ruta. Kwetu pia hakukuwa na mtu mwenye kazi hiyo kwenye barua yake ya ajira.

Mzee akasema andaa mkataba.

Na hapa ndipo ningependa wanaonipigia simu wakae kidogo, kwa sababu mkataba ndio ulionichukua muda kuliko vyote na ndio umetufaa kuliko faiawoli. Mkataba walioleta ulikuwa mzuri, umeandikwa kwa wino mzuri, na karibu kila kipengele kilikuwa kinawalinda wao.

Chukua hili la muda. Waliandika "tutajibu ndani ya saa moja". Nikauliza kujibu ni nini. Ikaonekana kwamba barua pepe inayojituma yenyewe kusema "tumepokea taarifa yako" ni jibu. Tukafuta, tukaandika kwamba saa inahesabika pale mtu mwenye ujuzi anapokuwa ameanza kazi na ametupigia simu kutaja jina lake. Na jambo likihitaji mikono? Ofisi yao kuu iko Dar. Zamani hilo lingenikatisha tamaa, siku nzima ya basi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu akipanda asubuhi mchana yuko hapa na begi lake la vifaa. Hata hivyo tuliwataka wawe na mtu mmoja anayekaa Dodoma, na jina lake liwe kwenye kiambatisho. Anakaa Nkuhungu. Treni haimsaidii mtu aliyekwama na mashine saa nne usiku.

Swali lililonipa imani nao waliliuliza wao: usiku wa manane, tukiona kitu kibaya kinatembea ndani, nani kwenu ana ruhusa ya kusema zima? Hatukuwa tumelifikiria. Ukizima, unasimamisha mizani na malipo. Usipozima, labda kesho mafaili yote yamefungwa na kuna ujumbe wa kudai kikombozi. Tulibishana mchana kutwa, Mzee, mimi na meneja wa uzalishaji, na tukaishia hivi: wanapiga kwa Mzee, asipopokea kwangu, nisipopokea kwa meneja. Zikipita dakika kumi na tano bila mtu, wana ruhusa ya kuitenga kompyuta moja au kituo kimoja. Mtandao mzima hawauzimi bila sauti ya mmoja wetu. Imeandikwa, imesainiwa, imebandikwa ukutani kwao. Ukiwa na mtoa huduma na hamjajibu swali hili, una king'ora kinacholia kwenye nyumba isiyo na watu.

Halafu funguo. Nimeliweka kwenye kichwa cha habari kwa sababu limenitesa. Fundi aliyetuwekea mtandao miaka ya nyuma aliondoka mjini akiwa na nywila ya ruta kichwani mwake, na anwani yetu ya mtandaoni, ile inayoishia na .co.tz, ikiwa imeandikishwa kwa barua pepe yake binafsi. Hakuwa mwizi. Alikuwa tu amehama, amebadilisha laini, hapatikani. Ruta ilibidi irudishwe kwenye mipangilio ya kiwandani na kuanza upya huku duka limefungwa. Anwani ilitugharimu barua za kwenda na kurudi hadi ikawa ya kampuni. Kwa hiyo kwenye mkataba mpya vifaa vyote tumenunua sisi, leseni zimeandikwa jina letu, anwani ni yetu, na akaunti kuu ya kila kifaa ni ya kampuni. Nywila zake ziko kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri ndani ya sefu. Wao wana akaunti zao za kufanyia kazi, kila fundi na yake, kwa jina lake, na zote tunaweza kuzifuta siku tukiachana. Bahasha ikifunguliwa kwa sababu yoyote, nywila zinabadilishwa, bahasha mpya. Mzee hilo alilipenda kuliko yote. Sefu anaielewa.

Waliona kama nawadharau niliposisitiza juu ya mlango wao wenyewe. Maana hawa unaowapa kazi ya kulinda wanaingia mpaka chumbani, na adui mwenye akili haangaiki na mlango wako, anatafuta mlango wao. Niliwasimulia ya Target, maduka makubwa ya Marekani: mwaka 2013 wezi walipita kwa jina na nywila za mkandarasi wa mitambo ya ubaridi, wakatoka na namba za kadi za malipo milioni 40. Kijana wao akatabasamu, akasema mama, iko ya karibu zaidi na sisi, na akaitoa mwenyewe. Julai 2021 wahalifu walitumia tundu kwenye programu ya Kaseya, ambayo kampuni nyingi za kuhudumia mitandao ya wateja zinaitumia, wakapenya kwa mamia ya hao wateja kwa mpigo. Huko Sweden maduka ya Coop, karibu 800, yalifunga milango kwa sababu mashine za keshia ziligoma, na Coop haikuwa hata mteja wa Kaseya, ilikuwa mteja wa mteja. Nilimheshimu kwa kuisema, kwani ilikuwa hoja dhidi ya biashara yake. Tukakubaliana: wanaingia kwa uthibitisho wa hatua mbili, njia yao inafunguliwa kazi inapohitajika na kufungwa kazi ikiisha, kila kuingia kunaacha kumbukumbu ambayo hawawezi kuifuta, na wakimpa mtu wa tatu sehemu ya kazi yetu tunajulishwa kwanza kwa maandishi.

Kuna na suala la sheria, ambalo wengi wanadhani ukimlipa mtaalamu limehama nawe umepumzika. Sisi tuna majina ya wakulima, namba zao za simu, namba za vitambulisho, na kiasi walicholipwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawatambua mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wa taarifa, na wote wawili wanatakiwa kusajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sisi ndio wakusanyaji. Mkulima wa Kongwa akikuta taarifa zake zinazagaa hatakwenda kuitafuta kampuni ya Dar ambayo hajawahi kuisikia. Atakuja kwenye dirisha alikopimia alizeti yake. Kazi inakabidhika, lawama haikabidhiki, na nilitaka wao waandike kwamba wakiona uvujaji wowote wanatueleza bila kungoja wamalize uchunguzi wao.

Mengine yalikwenda haraka. Mtandao umegawanywa vipande: kamera peke yake, mizani peke yake, hesabu peke yake, na Wi-Fi ya wageni ambako sasa wanaishi wapakiaji, televisheni na tableti ya mjukuu. Ruta ya mtu wa mauzo imerudi nyumbani kwake, amenuna wiki nzima. Bekapu zilikuwa kwenye diski iliyokaa juu ya seva ileile, yaani moto ukiingia chumbani zinaondoka pamoja. Sasa nakala moja iko nje ya jengo, na nyingine haijaunganishwa na chochote. Waliijaribu Jumamosi moja kwa kurudisha hesabu zote kwenye kompyuta tupu, nami nikalinganisha salio la benki mstari kwa mstari. Lilikaa sawa. Bekapu ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu.

Ripoti. Ya kwanza ilikuja na kurasa nyingi za michoro ya rangi, yote Kiingereza. Mzee aliipokea, akaipima kwa mkono, akaiweka juu ya friji. Niliwapigia nikasema nataka ukurasa mmoja, Kiswahili, wenye mambo manne: mmeona nini, mmefanya nini, mnataka sisi tufanye nini, na kipi mlituambia mwezi uliopita hatujafanya. Walisema mfumo wao hautoi hivyo. Nikasema sijauliza mfumo. Siku hizi inakuja, na Mzee anaisoma kwa sauti kwenye kikao cha wakuu wa idara, hasa kile kipengele cha nne, akitaja kwa majina waliochelewa kubadilisha nywila. Hapo ndipo anapowakuta na rungu lao.

Wanachokiona si kila kitu, na hili inabidi lisemwe kwa sauti. Wanaona kompyuta, hawaoni watu. Mtu akiacha kazi Ijumaa na sisi tukanyamaza, Jumatatu akaunti yake inaonekana kwao ni ya mfanyakazi halali anayeingia kazini. Sasa fomu ya kuondoka kazini ina mstari wa kwamba IT na kampuni ya ulinzi wamejulishwa, na sisaini malipo ya mwisho bila tiki hiyo. Na kuna barua pepe. Msimu uliopita ilikuja moja inayoonekana imetoka kwa msambazaji wetu wa madumu wa Dar: tumebadilisha akaunti ya benki, ankara hii lipeni kwenye hii mpya. Nembo ilikuwa yao, na lugha yao ileile. Haikuwa na kirusi wala kiambatisho cha kushtukiwa, kwa hiyo hakuna mtambo uliolia. Binti anayeandaa malipo aliinua simu na kupiga namba iliyo kwenye faili letu la zamani, si ile iliyoandikwa chini ya barua. Upande wa pili wakacheka kwa woga: hatujabadilisha chochote. Ni ndugu wa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ambao kila Mtanzania mwenye simu ameshapata, ambao unatakiwa kuupeleka 15040. Ila huu umevaa suti. Kanuni ya kupiga simu namba ya zamani ni ya ofisi yangu, na hakuna kampuni ya kuniwekea.

Usiku wao wa kuonekana ulifika katikati ya msimu. Simu ya Mzee ililia saa nane kasoro, akapokea, akawaambia wanipigie mimi, ndiyo kawaida yake. Kompyuta ya mizani ya Kibaigwa, ambayo usiku haina kazi, ilikuwa inagonga seva ya Kizota ikijaribu majina na nywila mfululizo. Walikuwa wanataka neno moja tu: tenga. Nikasema tenga. Wakaitenga, kituo kingine chote kikabaki kinafanya kazi, na asubuhi yule kijana wa Nkuhungu alikuwa Kibaigwa kabla wakulima hawajafungua matela. Chanzo kilikuwa flashi ya nyimbo. Karani alikuwa anaichomeka ili muziki upigwe wakati wa kupima, na flashi hiyo ilikuwa imetembea vibanda vingi vya kurekodia nyimbo. Mizani ya akiba, ile ya mkono, ilifanya kazi nusu siku. Karani hakufukuzwa, nilimtetea, maana hakuna aliyekuwa amemwambia chochote kuhusu flashi, amenunuliwa redio.

Nao wamewahi kuniamsha bure. Waliona mzigo mkubwa wa data unatoka nje usiku wakadhani tunaibiwa, kumbe ni bekapu mpya waliyoipanga wao wenyewe na zamu ya usiku haikuambiwa. Mzee alitaka tuwakate pesa. Nikamwambia kipengele hicho hakipo. Akasema basi kiwekwe.

Mkataba unaisha mwezi wa sita, katikati ya mavuno, na hilo lenyewe nataka tulibadilishe. Mkataba wa namna hii uishe wakati mashine zimelala, si wakati foleni ya Kibaigwa imefika barabarani. Kompyuta mbili za duka bado zina Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, na wao wanasema hawatazibeba kwenye mkataba mpya mpaka tuzibadilishe. Wana haki. Mzee anataka bei ishuke kwa kuwa "kazi ngumu wameshaimaliza". Binti wao anakuja wiki ijayo kujadiliana, na nimeshamwambia aje na ripoti za mwaka mzima mkononi, zile za ukurasa mmoja.